Kutoka Robe mpaka Bendigo: njia ya Wachina wa dhahabu na majoka wanayoyatunza

Haya jamani, niliahidi kuandika habari za safari yetu na sasa nimetulia nyumbani Melbourne. Hii nimeiunganisha kutoka kwenye daftari langu, risiti za mafuta, na picha za mke wangu ambaye anapiga kila kitu mpaka mabango ya barabarani, kwa hiyo bei na majina ya miji vimetoka huko.

Tulikuwa watatu, mimi, mke wangu na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Ifakara, Tanzania. Lengo lilikuwa Golden Dragon Museum pale Bendigo, makumbusho ya jamii ya Wachina waliokuja Australia enzi za dhahabu. Bendigo ni saa mbili tu kutoka Melbourne, ungeweza kwenda asubuhi ukarudi jioni. Ila kuna dada mmoja nafanya naye kazi, ukoo wake ulitoka Guangdong, kusini mwa China, zamani sana, akaniambia ukienda Bendigo moja kwa moja utaona vitu vizuri lakini hutaelewa vilifikaje pale, anzia Robe, pwani ya Australia Kusini, waliposhukia. Basi safari ikawa ndefu.

Kwa kifupi ni hivi. Dhahabu ilionekana Victoria, jimbo letu hili la Melbourne, 1851, na kuanzia 1853, 1854 Wachina wakaanza kumiminika, wengi wanatoka wilaya za Sze Yup kule Guangdong. Mwaka 1855 serikali ya Victoria ikatunga sheria, meli isibebe zaidi ya Mchina mmoja kwa kila tani 10 za ukubwa wake, na kila Mchina anayeshuka alipiwe pauni 10. Pauni 10 enzi hizo ni hela nyingi mno kwa mkulima. Manahodha wakaona dawa yake ni kuwashusha Australia Kusini, ambako sheria hiyo haikuwepo, halafu Wachina wenyewe watembee kwa miguu mpaka machimboni. Hiyo ndo njia tuliyoifuata, sisi na gari, kwa kinyume kabisa cha hali yao.

Jumatano: Melbourne – Hamilton – Mount Gambier – Robe

Tumetoka saa kumi na mbili asubuhi kukwepa foleni ya Geelong. Ni kama kilomita 550. Mama alikuwa na chupa yake ya chai na maandazi aliyoyapika usiku, amekaa nyuma na blanketi maana Oktoba huku bado kuna baridi, na kutoka Geelong mpaka Hamilton hamna cha kusimulia zaidi ya mashamba ya kanola yaliyochanua njano mpaka macho yanauma, na kondoo. Mafuta tulijaza Hamilton, karibu dola 2 kwa lita.

Kwa mtakaopita huku: ukivuka kuingia Australia Kusini huruhusiwi kuwa na matunda mabichi, ni kwa ajili ya inzi wa matunda, na faini yake sio ya kuchezea. Kuna mapipa ya kutupia karibu na mpaka. Sisi tulisimama kabla tukala machungwa na ndizi zote, mama anasema haiwezekani kutupa chakula, kwa hiyo tulikula mpaka basi. Na saa ya kule iko nyuma nusu saa, ukipiga simu moteli kusema unafika saa ngapi taja saa ya wapi.

Mount Gambier tulisimama dakika kumi kuangalia lile Ziwa la Bluu, halafu tukaendelea.

Robe ni kamji kadogo ka wavuvi, upepo wa bahari unapiga kama umetumwa. Moteli dola 165 chumba cha watu watatu, na hii ni baada ya likizo za shule kuisha, Desemba usijaribu bila kubuki miezi kabla. Yule mama wa mapokezi alipoona tuna mzee akatubadilishia chumba cha chini bila kuongeza hela na akaleta hita ya ziada.

Jioni tukaenda ufukweni kwenye mnara wa jiwe wa Wachina. Umeandikwa Kichina na Kiingereza, unasema kati ya 1856 na 1858 Wachina 16,500 walishuka karibu na pale wakatembea maili 200 kwenda Ballarat na Bendigo kutafuta dhahabu. Maili 200 ni kama kilomita 320, na ukihesabu mpaka Bendigo kwa barabara inapita 400. Nilisoma mara mbili. Kamji kenyewe wakati ule kalikuwa na watu mia chache tu, halafu meli moja inakuja na mamia, kesho nyingine. Ghuba ya Guichen pale mbele ilikuwa mbaya kwa meli, Juni 1857 meli ya Kiholanzi iitwayo Koning Willem de Tweede ilimaliza kushusha Wachina wake, dhoruba ikaikamata ikavunjika na mabaharia wakafa maji mbele ya watu. Mwaka huohuo wa 1857 Australia Kusini nayo ikaweka kodi ya pauni 10, na msururu ukapungua ukaisha.

Mama aliuliza swali moja pale, walibebaje mizigo. Kwa mzega, nikamwambia, kijiti begani, kikapu huku kikapu huku, wanatembea mstari mmoja mrefu. Akasema hata TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia waliyojenga Wachina, aliwaona wakibeba maji ya bustani hivyohivyo.

Chakula cha usiku ni samaki na chipsi, dola 48 watu watatu, samaki kweli wa kuvuliwa siku hiyohiyo.

Alhamisi: Robe – Penola – Casterton – Hamilton – Ararat

Zaidi ya kilomita 300 na tulikuwa tumepanga tufike Ararat saa tisa. Hatukufika.

Kwanza Penola, ambapo Mtakatifu Mary MacKillop alianzisha shule yake 1866 pamoja na Padre Julian Tenison-Woods. Mama ni Mkatoliki wa Ifakara, mnajua maana yake, hatukuweza kupita bila kusimama. Alikaa kanisani zaidi ya nusu saa na sisi tukamwacha amalize. Aliwasha mshumaa kwa ajili ya wajukuu, halafu akawasha mwingine akasema huu ni wa wale waliotembea. Wachina wengi walipita ukanda huu, walilipa waongozaji wawapeleke, na wengine waliachwa porini wakaambiwa machimbo yako hapo mbele tu wakati bado ni wiki nzima za kutembea. Safari nzima ilichukua wiki nne, tano, inategemea mvua. Wengi walikuwa wamekopeshwa nauli ya meli, yaani wanatembea huku wanadaiwa.

Baada ya Casterton tairi la nyuma likapata pancha, sehemu yenyewe hamna mtandao na hamna nyumba. Nikatoa jeki na stepni, nati moja ikagoma kabisa, nimesimama juu ya spana na uzito wangu wote haitikisiki. Magari mawili yalipita. La tatu ni pikapu ya mkulima, mzee wa miaka 70 na kitu, mbwa wawili nyuma, hakusalimia hata vizuri, alishuka akaangalia akarudi kuchukua bomba refu la chuma akalichomeka kwenye spana ikawa mkono mrefu, nati ikalia ikaachia. Akamaliza kufunga mwenyewe, akakagua na matairi mengine matatu, akatuambia duka la matairi Hamilton linafunga saa kumi na moja na tumwambie jamaa wa pale asituuzie jipya kabla hajajaribu kuziba. Nilimpa hela akakataa. Mama akampa maandazi manne kwenye foili, hayo akachukua, na nikamwona kwenye kioo anakula palepale kabla hajawasha gari.

Hamilton walilizibia kweli, dola 40.

Ushauri: usiendeshe njia hizi jua likishazama. Kangaruu wanatoka giza likianza kuingia na hawaangalii gari. Kutoka Dunkeld tulienda taratibu sana, milima ya Gariwerd iko kushoto inageuka zambarau, tukaingia Ararat giza bado halijakamata. Moteli dola 140. Tulikula wali na kuku tuliobeba kwenye kibaridi, moteli ilikuwa na maikrowevu.

Ijumaa: Ararat – Avoca – Bendigo

Ararat inasemwa ndio mji pekee Australia ulioanzishwa na Wachina. Mwaka 1857 msafara wa watu kama 700 kutoka Guangdong, wametokea Robe wanaelekea machimbo ya mbele zaidi, wakapumzika kwenye chemchemi wakaona dhahabu. Mkondo huo ukaitwa Canton Lead na ulikuwa tajiri sana, dhahabu iko juujuu tu kwenye changarawe. Habari ikaenea, wazungu wakaja kwa maelfu, na haikuchukua muda kabla Wachina hawajaanza kusukumwa nje ya viwanja walivyovigundua wenyewe.

Makumbusho yao ni Gum San, yaani Mlima wa Dhahabu, jina walilolipa nchi hii nzima ya machimbo. Jengo lina paa la kigae lililopinda kama ya kusini mwa China, lilifunguliwa 2001. Ni dogo, saa moja na nusu inatosha. Ndani wameonyesha mzega wenyewe na vikapu vyake na unaruhusiwa kujaribu kuunyanyua. Niliunyanyua. Jamani ni mzito, na mimi nafanya kazi ya kubeba vitu. Ukiuweka begani unagundua siri yake ni mwendo, lazima utembee kwa kunesanesa mzigo uende na wewe, ukisimama tu unakuumiza.

Nje kuna mfereji wa kuosha dhahabu kwa karai. Mke wangu alikazana dakika arobaini akapata vipunje vitatu vya kung'aa, wakamwekea kwenye kachupa. Mzee wa kujitolea aliyekuwa anatufundisha alikuwa mvumilivu sana, alimletea mama kiti, akamweleza kila kitu polepole na mke wangu anatafsiri, na mama anajibu kwa Kiswahili kana kwamba mzee anaelewa, na kwa kweli walielewana.

Avoca tulisimama kwa sababu ya bustani ya Kichina iliyo pale karibu na mto, Garden of Fire and Water, ilifunguliwa 2014, msanii wake ni Lindy Lee. Ni bure, na ni mahali pazuri pa kula chakula cha mchana. Hapo tulimaliza maandazi.

Kutoka Avoca mpaka Bendigo ni mashamba na vijiji vyenye nyumba nzuri za mawe na watu wachache. Tumeingia Bendigo saa kumi. Moteli kwa usiku mbili, dola 310 jumla, ghali kidogo ila iko karibu na katikati mama asitembee sana.

Jumamosi: Golden Dragon Museum na hekalu la Emu Point

Hii ndo siku yenyewe.

Kabla ya yote, mji huu mpaka 1891 rasmi uliitwa Sandhurst, lakini Wachina walikuwa na jina lao, Dai Gum San, Mlima Mkubwa wa Dhahabu. Katikati ya miaka ya 1850 karibu mtu mmoja kati ya watano hapa alikuwa Mchina. Serikali iliwaweka kwenye kambi zao, Ironbark na Emu Point na nyinginezo, chini ya afisa aliyeitwa mlinzi wa Wachina, na walilipa hela ya kulindwa. Mtaa wa Bridge Street ndio ulikuwa moyo wao, maduka, dawa, migahawa. Watu walipopungua majengo yakaachwa na sehemu kubwa ikabomolewa karne ya 20. Makumbusho yamejengwa palepale, yakafunguliwa 1991, na waliopigania sana mpaka yakasimama ni Russell Jack na mkewe Joan, Russell mwenyewe mtu wa jamii hiyohiyo ya Wachina wa Bendigo.

Kiingilio kwa mtu mzima hakikufika dola 20 tulipokwenda, wazee wanapunguziwa. Angalia siku za kufungua kabla hujaenda, sisi tulihakikisha tusiangukie Jumatatu. Nenda asubuhi wakifungua, ukumbi ukiwa mtupu unaona vizuri zaidi.

Sasa majoka, yaani yale ya kubebwa na watu kwenye maandamano. Unaingia ukumbi wa duara, na joka limezunguka ukuta wote, unaanza kichwani unatembea unatembea bado uko ubavuni. Makubwa yako matatu. La zamani kabisa ni Loong, lina zaidi ya miaka 100 na linahesabiwa kuwa joka la maandamano la zamani kuliko yote duniani lililobaki zima. La pili ni Sun Loong, lilitengenezwa Hong Kong likaanza kutoka 1970, urefu wake ni kama mita 100, magamba ya hariri na vioo vidogovidogo visivyohesabika. Na 2019 likaja la tatu, Dai Gum Loong, lenye jina la mji kwa Kichina, hili refu zaidi, nalo limetoka Hong Kong. Watu zaidi ya 50 wanaingia chini kulibeba na wanabadilishana njiani maana kichwa peke yake kinachosha mtu dakika chache. Mama alitembea kutoka kichwa mpaka mkia ameshika mkono wa binti yake, akarudi tena.

Ila kilichonishika mimi zaidi sio urefu. Ni sababu ya haya majoka kuwepo.

Mwaka 1871 mji ulianzisha tamasha la Pasaka kuchangisha hela za hospitali na nyumba ya kutunza maskini. Mwaka 1879 Wachina wakaombwa kushiriki nao wakakubali, na hawakuja mikono mitupu. Miaka ya 1880 waliagiza China mavazi ya maandamano, bendera za hariri zilizotariziwa, silaha za maonyesho, kofia, vitu vya gharama kubwa, halafu baadaye majoka. Watu wakafurika kuangalia, na hela ikaenda hospitali. Na hii ni wakati ambapo mabunge ya makoloni yalikuwa yanatafuta namna ya kuwazuia wasiingie. Mwaka 1901 Australia ilipoungana, moja ya sheria za kwanza kabisa ilikuwa ya kuzuia wahamiaji, ofisa anaweza kukupa imla ya maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya anayotaka yeye, ukishindwa unarudishwa. Imla hiyo iliondolewa 1958. Hata Mchina aliyezaliwa hapahapa akitaka kwenda kuona ndugu China alihitaji cheti cha kumsamehe imla, chenye picha yake ya mbele na ya ubavu na alama ya kiganja. Na miaka hiyo yote, Pasaka ikifika, wanatoa joka.

Nilikaa kwenye benchi mbele ya bendera moja nyekundu muda mrefu. Mimi nimeingia nchi hii kwa viza, kwa ndege, kwa mkataba wa kazi, na bado kuna siku naona mzigo. Hawa walilipia hospitali ambayo wengi wao hawakutarajia kufa wakiwa ndani yake, maana ndoto ya wengi ilikuwa kurudi nyumbani. Naona huo ni ukarimu mkubwa kuliko ninavyoweza kueleza, na pia ni akili, walijifanya sehemu ya mji mpaka mji ukashindwa kujifikiria bila wao. Leo wanaobeba joka ni watu wa kila namna, sio Wachina tu.

Na vimebaki kwa sababu watu walivitunza. Haikuwa serikali. Ni chama cha Wachina wa Bendigo na familia chache ambazo miaka mibaya, wakati watu wao wamebaki wachache sana mjini, bado walikuwa wanakunja hariri zile na kuziweka kila baada ya Pasaka, wanashona palipochanika. Kuna nguo pale ukisogea unaona viraka vya miaka tofauti. Hapo nilimwita mke wangu aje aone, yeye ni fundi cherehani, akanionyesha mshono upi ni wa zamani na upi ni wa baadaye, na aliyeshona baadaye alijitahidi kufuata mkono wa wa kwanza.

Mama yeye alisimama kwenye habari za bustani. Dhahabu ya juujuu ilipoisha wengi waligeukia kilimo cha mboga, na kwa miongo mingi Bendigo ilikula mboga za Wachina, wanapita nyumba kwa nyumba. Nje ya makumbusho kuna bustani ya Yi Yuan na hekalu la Kuan Yin, tulikaa huko tukapumzika, na mama akasimulia habari zote za Mlimba, kwenye stesheni ya TAZARA, kambi ya Wachina, jinsi walivyotengeneza matuta, walivyowapa watoto matango. Tumekaa naye miaka yote hatujawahi kuyasikia hayo. Hata Melbourne matembele na mchicha wetu tunanunua maduka ya Wachina na Wavietnamu Footscray, sasa mama anasema ameelewa kwa nini wanayo.

Mchana tulikula mkahawa mmoja wa Kichina jirani, wali wa kukaanga, samaki wa mvuke na mboga, dola 74. Mwenye mkahawa alipojua mama anatoka Tanzania na amekulia kwenye reli alikuja na mkewe kutoka jikoni, wakaleta machungwa yaliyokatwa na chai, na chai hawakuiweka kwenye bili.

Saa nane tukaenda Joss House, hekalu la Emu Point, North Bendigo, lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1870. Dogo, la matofali na mbao, limepakwa rangi nyekundu yote, unaliona mbali. Lina sehemu tatu, hekalu lenyewe la mungu Kwan Gung katikati, ukumbi wa mababu upande mmoja, na nyumba ya mtunzaji upande mwingine. Ni moja ya mahekalu machache ya enzi zile yaliyobaki, lilikuwa limechakaa sana, National Trust, shirika la kutunza majengo ya kale, wakalikarabati likafunguliwa tena 1972. Watu bado wanaabudu pale, kwa hiyo ingia kwa adabu, uliza kabla ya kupiga picha. Tulimkuta kijana na bibi yake wanachoma ubani, tukasubiri nje wamalize. Bibi akatoka akamshika mama mkono, hawakuongea lugha moja, wakakaa tu kwenye benchi pamoja.

Usiku huo moteli mama alimpigia kaka yake Ifakara. Kuna picha moja ya baba yao na mafundi wa Kichina, imepigwa kwenye daraja, iko kwenye sanduku la bati. Alimwambia kaka yake atoe, apige picha kwa simu atutumie, halafu ile yenyewe aifunge kwenye karatasi kavu asiiweke tena na dawa za panya. Kaka akauliza kuna nini, mama akamwambia wewe fanya kwanza.

Jumapili: White Hills, halafu Melbourne

Baada ya misa tulienda makaburi ya White Hills, nje kidogo ya mji. Sehemu ya Wachina ina makaburi zaidi ya elfu moja. Mawe mengi ni madogo, yameandikwa Kichina tu, jina, kijiji na wilaya aliyotoka, maana mpango ulikuwa mifupa ifukuliwe baada ya miaka ipelekwe nyumbani, na wengine walipelekwa kweli. Waliobaki, huenda wengi wao hakupatikana wa kulipia. Kuna mnara wa matofali wa kuchomea karatasi na ubani kwa ajili ya marehemu, bado umesimama. Vaa viatu vilivyofunga, nyasi ni ndefu na Oktoba nyoka wameshaanza kutoka.

Nilimwambia mama kwamba Dar pia, Gongo la Mboto, kuna makaburi ya Wachina waliokufa wakijenga TAZARA. Hakujua. Alisali rozari nzima kule White Hills, mwendo wa polepole kati ya mistari, na mke wangu akamfuata nyuma anasimamisha maua ya plastiki yaliyoangushwa na upepo.

Barabara ya kurudi, Calder, ni kilomita 150 nzuri tupu mpaka karibu na Melbourne, ambapo tulikaa kwenye foleni saa nzima kwa sababu ya ajali.

Safari yote watu watatu, mafuta, malazi, chakula, viingilio na tairi, haikufika dola 1,200. Asiye na gari anaweza kuruka Robe, treni kutoka stesheni ya Southern Cross, Melbourne, zinaenda Bendigo na zinaenda Ararat, na tangu 2023 nauli za mikoani Victoria zina kikomo cha siku kwa hiyo ni rahisi kuliko mnavyofikiria. Kufika Robe bila gari ni shida, tafuteni wenzenu mchangie.

Pasaka ijayo tunataka kwenda kuona Dai Gum Loong likitoka barabarani. Wenye watoto njooni nao. Vyumba vya Bendigo wiki ile vinaisha mapema sana na bei inapanda, kwa hiyo anayetaka kuungana nasi aniambie kabla ya Krismasi, na kama tukiwa zaidi ya wanane tutachukua nyumba nzima Castlemaine, ni nusu saa tu kwa treni.